Safari Kama Uti wa Mgongo wa Riwaya
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita makala haya yalieleza jinsi mwanafunzi wa Kenya anavyofunzwa kusoma riwaya kwa ajili ya mtihani. Leo ni zamu ya kazi ya mtunzi mwenyewe: anavyoipanga hadithi, anachomwambia msomaji mapema, na anachomficha hadi wakati wake ufike. Mfano utakaofuatwa ni mmoja tu, nao ni safari. Waandishi wetu wameitumia tangu riwaya ya Kiswahili ikiwa changa, na ndani yake ufundi wao huonekana waziwazi.

Emali ni mahali pazuri pa kuanzia. Mji huu wa Kaunti ya Makueni umeishi kwa wapita njia tangu reli ya Mombasa ilipokatiza nyika hii mwishoni mwa karne ya 19. Barabara kuu inaupasua katikati, na hapo ndipo ile ya Loitokitok inapochepuka kwenda Umaasaini na mpaka wa Tanzania. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 nayo ina kituo hapo. Wafugaji huleta ng'ombe sokoni, madereva wa malori hulala, abiria hushuka kunywa chai. Mkaazi wa Emali huona kila siku watu asiojua walikotoka wala waendako, na udadisi anaoupata akiwatazama ndio hasa mtunzi wa riwaya anaoutafuta kwa msomaji wake.

Shaaban Robert alilielewa jambo hilo mapema. Katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, Karama amesimama mahakamani akishtakiwa na Waziri Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria. Badala ya kujitetea kwa hoja kavu, Karama anasimulia safari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe anarudi na mawazo mema ya kuwafaa wananchi, na kila mmoja anaishia gerezani. Mtu akikitazama kitabu hicho kwa haraka ataona marudio. Ajaribu kukisoma tena polepole. Kufikia mjumbe wa tatu, msomaji ameshajua kitakachompata anayeondoka, na badala ya kuchoka anaanza kukasirika. Hasira hiyo ndiyo utetezi wenyewe wa Karama, kwa kuwa wasikilizaji wake barazani wanaipata vilevile. Wapo wahakiki wanaolalamika kwamba Shaaban Robert anahubiri mno. Kuna mahali wana haki, lakini mpango wa Kusadikika si wa mhubiri. Ni wa mtunzi aliyejua kwamba mshtakiwa aliyefungwa mdomo katika nchi dhalimu bado anaweza kusimulia.

Karibu nusu karne baadaye, mwaka 1996, Ken Walibora alichapisha Siku Njema, na safari ikabadilika kabisa. Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga na mwana wa mwimbaji wa taarabu Zainabu Makame, anaanza kumtafuta baba asiyemjua. Njia yake inampeleka Kenya na hatimaye Makutano, huko magharibi. Hadithi yote inasimuliwa na Kongowea mwenyewe. Wanafunzi wengi hulitaja jambo hili kwa mstari mmoja, "ametumia nafsi ya kwanza", wakapata alama yao na kuendelea. Lakini riwaya nzima imesimama juu ya uamuzi huo. Msimulizi anayejua yote angejua pia baba yuko wapi, na kumficha msomaji siri hiyo kurasa zote hizo kungekuwa hila. Kongowea hajui, kwa hiyo hafichi. Msomaji hutembea naye, hukosea naye, na mtu anapomdharau kwa kuwa hana baba, msomaji hana taarifa yoyote ya kumfariji. Wakenya wengi waliosoma Siku Njema shuleni bado wanaikumbuka, hata wale ambao hawakugusa riwaya nyingine baada ya hapo, na huenda sababu ni hiyo.

Walibora, aliyefariki Nairobi Aprili 2020, hakurudia mbinu ile ile. Katika Kidagaa Kimemwozea aliuweka mswada katikati ya hadithi: kijana Amani ameandika riwaya, Mwalimu Majisifu ameiiba na kuichapisha kwa jina lake, na riwaya hiyo iliyoibwa ina jina lile lile la kitabu alichoshika msomaji. Amani pia ni msafiri. Anafika Sokomoko akionekana kama kijana maskini anayetafuta kazi, kumbe ana madai yake. Hapa anayejua mengi ni msafiri, na wenyeji ndio waliofumbwa macho.

Zipo namna nyingine za kufumba macho. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya 2021, anaifungua Paradise, riwaya yake ya 1994, kwa mtoto wa miaka 12 aitwaye Yusuf. Anapakiwa kwenye gari moshi kwenda pwani pamoja na tajiri Aziz, ambaye Yusuf amefunzwa kumwona kama jamaa. Mtoto anadhani anatembea tu. Ni Khalil, kijana anayeuza dukani kwa tajiri huyo, anayemweleza kwamba baba yake amemtoa rehani kwa deni. Kitabu kinasimuliwa kwa nafsi ya tatu, lakini nafsi hiyo imekaa karibu sana na macho ya Yusuf. Msomaji mzima hushuku kabla ya mtoto kuambiwa, na ile nafasi kati ya tuhuma yake na ujinga wa mtoto ndiyo inayouma. Tangu 2022 wasomaji wa Kiswahili wanaweza kuiona kazi hii wenyewe katika Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota. Katika Kusadikika, msafiri ni mjumbe mwenye kazi ya kutangaza. Katika Peponi ni bidhaa inayosafirishwa bila kuulizwa.

Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe aliivunja safari yenyewe. Huyu ndiye aliyeanza na Rosa Mistika mwaka 1971, hadithi inayofuatika vizuri ya msichana na malezi yake, iliyozua kelele nyingi kiasi kwamba ilizuiwa shuleni. Mwaka 1990 alitoa Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile. Hakuna kati ya hivyo viwili kinachofikisha kurasa 100, lakini vimewatoa jasho wasomaji kuliko vitabu mara tatu ya unene wake. Mtu anatembea, anakutana na vivuli na wazee na magofu, na haijulikani anatafuta mahali au maana. Wengi walikata tamaa na vitabu hivi, na si haki kuwalaumu. Kezilahabi alikuwa amemwondolea msomaji kila kitu alichozoea kushika.

Aliyemrudishia kitu cha kushika ni Kyallo Wadi Wamitila, jina linalostahili kujulikana katika kila nyumba ya Ukambani. Katika Bina-Adamu! ya 2002, msimulizi anatembea dunia nzima, Ulaya, Asia na Marekani, akifuata nyayo za kiumbe aitwaye P.P., huku Hanna akimwongoza. Baadaye inadhihirika kwamba P.P. ni Peter Pan, yule mtoto wa tamthilia ya J. M. Barrie ya 1904 aliyekataa kukua. Mataifa makubwa yanayoichezea dunia yamepewa sura ya mtoto asiyewajibika, na msomaji hulijua hilo akiwa tayari ameona magofu yaliyoachwa nyuma. Angeambiwa katika ukurasa wa kwanza, lingebaki kuwa maoni ya kisiasa. Anapoligundua mwenyewe baada ya safari ndefu, linakuwa ushahidi. Wamitila ni mhakiki pia, mtungaji wa Kamusi ya Fasihi, na hapa elimu yake ya nadharia haikumzuia kusimulia.

Ukambani haukuanza na Wamitila. John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, anajulikana duniani kwa vitabu vyake vya dini na falsafa za Kiafrika. Lakini mwaka 1954, kabla ya vitabu hivyo vyote, alikuwa ameshachapisha hadithi kwa Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake, na mwaka 1966 akatoa mkusanyo wa ngano za Wakamba alizozipata kwa wasimulizi wenyewe. Anayetaka kujua mbinu ya safari ilitoka wapi angeanzia kwenye ngano kama hizo, zilizojaa watu wanaotoka nyumbani, wanaofika kwa majitu, wanaorudi wamebadilika. Tofauti ni kwamba msimulizi wa jioni alikuwa mbele ya wasikilizaji. Aliyemshuku aliweza kumkatiza. Mwandishi wa riwaya hana nafasi hiyo, na ndiyo maana humlazimu kuchagua kwa uangalifu sauti ambayo msomaji ataiamini bila kumwona msemaji.

David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, Makueni, mwaka 1939, aliipata sauti hiyo ofisini na baani. Vitabu vya kampuni yake ya Comb Books, kama My Dear Bottle na After 4:30, vilikuwa kwa Kiingereza, vikauzwa sana Nairobi katika miaka ya 1970, vikapigwa marufuku Tanzania, na vikadharauliwa na wasomi wa vyuo vikuu. Dharau hiyo iliwafanya wasomi wapitwe na jambo moja la maana. Maillu aliwaacha walevi, makarani na makatibu waseme wenyewe, kwa mistari mifupi inayokaribia shairi, bila mwandishi kusimama kando akiwasahihisha. Kisha mwaka 1991 akatoa Broken Drum, riwaya yenye zaidi ya kurasa 1,000 kuhusu vizazi vya Wakamba. Si kila ukurasa wake unastahili kuwepo. Hata hivyo, mtu aliyediriki kuandika kitabu cha ukubwa ule kuhusu watu wake hakuwa mfanyabiashara wa ponografia tu, kama wengi walivyopenda kusema.

Kuna safari moja ya Ukambani inayongojea mtunzi wake. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Kivoi wa Kitui. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1849. Mwaka 1851 wawili hao walielekea pamoja mto Tana, wakavamiwa na wanyang'anyi njiani, Kivoi akauawa. Krapf alirudi peke yake kwa taabu, akakuta jamaa za Kivoi wakimlaumu kwa kifo hicho, kisha akaisimulia safari ile katika kitabu chake. Hivyo ndivyo dunia inavyoijua hadi leo, kwa nafsi ya kwanza ya Krapf.

Kijana wa Emali, Wote au Kitui anayeandika, au anayetamani kuandika, na aichukue safari hiyo aipe msimulizi mwingine. Mpagazi aliyenusurika angesema nini? Ndugu aliyebaki nyumbani akamwona mgeni akirudi bila mwenyeji wake, angeuliza nini? Au Kivoi mwenyewe, asiyejua hatima yake, kama Kongowea asiyejua alipo baba? Kila jibu litazaa riwaya tofauti, japo tukio ni moja. Kabla ya kuanza, na asome Siku Njema na Bina-Adamu! moja baada ya nyingine, mwongozo wa mtihani ukiwa umefungwa, akijiuliza katika kila sura: anayesema hapa anajua nini, na ananificha nini?

Juma lijalo makala haya yataangalia mazungumzo ya wahusika katika riwaya za Said Ahmed Mohamed, hasa Utengano.