Wi-Fi imeshika lakini intaneti haifunguki? Angalia ruta yako inavyogawa anwani

Jumamosi moja studio yetu ilijaa wageni wa kipindi cha vijana, na karibu kila mmoja aliomba nenosiri la Wi-Fi. Siku hiyohiyo kompyuta inayorusha matangazo yetu mtandaoni iliharibika, tukafunga nyingine. Ikagoma kuunganika. Wenye redio hawakujua lolote, lakini wanaotusikiliza kwa intaneti waliambulia ukimya karibu saa nzima.

Tukampigia mtoa huduma, akasema laini iko sawa. Na kweli ilikuwa sawa. Tatizo lilikuwa kwenye ruta yetu wenyewe: anwani zilikuwa zimekwisha.

Kila kifaa kwenye mtandao kinahitaji anwani ya IP, mfano 192.168.1.105, ili ruta ijue data ipelekwe wapi. Kazi ya kugawa anwani hizo hufanywa na huduma iitwayo DHCP. Simu inapoingia huomba anwani, ruta huchagua iliyo wazi na kuikopesha kwa muda maalumu. Mwenye simu akiondoka, mara nyingi anwani ile hubaki kwa jina lake mpaka muda uishe.

Ruta yetu ilipangwa kugawa anwani 20 tu, kila moja kwa siku saba. Wageni wa Jumatatu walikuwa bado "wanashikilia" anwani siku ya Jumamosi!

Kurekebisha si kazi ngumu. Ukiwa umeunganika na ruta, fungua kivinjari na uandike anwani ya ruta. Nyingi hutumia 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na huandikwa kwenye stika iliyo chini yake. Ingia kwa nenosiri la msimamizi, kisha tafuta sehemu ya LAN au DHCP. Hapo shughulika na mambo matatu.

Kwanza, idadi. Weka anwani ya mwanzo na ya mwisho. Kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199 unapata anwani 100.

Pili, muda. Nyumbani, saa 24 zinatosha. Mahali penye wapita njia, kama mgahawa au ofisi ya wageni, saa moja au mbili ni bora.

Tatu, vifaa vya kudumu. Printa au kompyuta ya matangazo itengee anwani yake ndani ya ruta, kwa kutumia namba ya MAC ya kifaa hicho. Usiiandike kwa mkono kwenye kifaa ukichagua namba ambayo ruta nayo inaigawa: vifaa viwili vikipewa anwani moja, vitagombana.

Hifadhi, kisha zima Wi-Fi ya simu na uiwashe tena ili iombe upya. Kama una ruta ya pili uliyoiunganisha kwa waya kusambaza Wi-Fi tu, zima DHCP yake. Mgawaji awe mmoja.

Ukiona kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254, ujue imeomba ikakosa, ikajipa yenyewe. Usikimbilie kununua bando jingine wala kumlaumu mtoa huduma. Anza na ruta.

Sisi sasa kompyuta ya matangazo ina anwani yake. Wageni waje hata hamsini, matangazo hayakatiki kwa sababu hiyo.