Kiharusi: Safari ndefu huanza baada ya kutoka hospitalini

SIKU za mwanzo, nyumba ya mtu aliyepatwa na kiharusi haikosi wageni. Ndugu hufika kutoka mikoani, majirani huleta uji na waumini wenzake huja kumwombea. Baada ya miezi miwili au mitatu wageni hupungua. Mgonjwa hubaki na mtu mmoja, mara nyingi mke au binti, ambaye humwogesha, humlisha, humgeuza kitandani na kumkumbusha dawa.

Kiharusi hutokea pale mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo unapoziba au kupasuka, hivyo sehemu ya ubongo kukosa damu na kufa. Baadhi hupooza upande mmoja wa mwili, wengine hupoteza uwezo wa kusema au kumeza chakula. Chanzo kikubwa ni shinikizo la juu la damu ambalo halikugunduliwa au halikutibiwa ipasavyo.

Utafiti uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na baadhi ya maeneo ya Dar es Salaam unaonyesha ukubwa wa tatizo. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology, yalibaini kuwa, baada ya kuzingatia tofauti za umri, wagonjwa wapya kwa mwaka walikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 Hai, na 316 Dar es Salaam.

Wagonjwa wa Hai walifuatiliwa zaidi. Takriban robo yao walifariki dunia ndani ya siku 28 za kwanza. Ilipotimia miaka mitatu, takriban sita kati ya kila 10 walikuwa wamefariki. Kwa maneno mengine, vifo vingi zaidi vilitokea baada ya mwezi wa kwanza, kipindi ambacho wengi huwa wamerejea nyumbani.

Hatari za nyumbani zinafahamika. Mgonjwa asiyegeuzwa kila baada ya saa chache hupata vidonda vya mgongoni na makalioni. Anayelishwa akiwa amelala anaweza kupaliwa, chakula kikaingia kwenye mapafu na kumsababishia nimonia. Anayeacha dawa za shinikizo la damu kwa kujiona ana nafuu hujiweka katika hatari ya kupata kiharusi cha pili. Hata namna ya kumwinua ina utaratibu wake, kwani kumvuta kwa mkono uliopooza huweza kuteguza bega.

Aidha, takriban mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi hukumbwa na sonona. Asiyeweza kuzungumza huchukuliwa na wengi kuwa amepoteza akili, ilhali mara nyingi anaelewa yanayosemwa mbele yake. Mtu wa namna hiyo husaidiwa kwa kuulizwa maswali mafupi ambayo anaweza kuyajibu kwa kutikisa kichwa, na kupewa muda wa kujibu.

Anayeuguza naye huelemewa. Hulala kwa vipande, huumwa mgongo kwa kumwinua mgonjwa na mara nyingine hulazimika kuacha biashara iliyokuwa ikilisha familia. Kumpeleka mgonjwa kliniki huhitaji bajaji au teksi, kwa kuwa daladala hawezi kuipanda. Fedha zinapopungua, mazoezi ya viungo ndiyo huachwa kwanza.

Imani nazo huongeza upweke. Uchunguzi wa wanasayansi ya jamii uliochapishwa mwaka 2008 ulibaini kuwa jijini Dar es Salaam wengi walikihusisha kiharusi na majini au uchawi, wakati wakazi wa Hai walitaja zaidi shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo. Ndugu wanapotafuta nani kamroga mgonjwa, mara nyingi anayeshukiwa hutoka ndani ya familia au jirani, yaani miongoni mwa watu ambao msaada wao ndio unaohitajika.

Je, kumfundisha ndugu mmoja kunatosha? Nchini India, utafiti uliohusisha wagonjwa 1,250 katika hospitali 14 ulijaribu njia hiyo kwa kuwafunza wanafamilia namna ya kumfanyisha mgonjwa mazoezi nyumbani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kuwa baada ya miezi sita, karibu nusu ya wagonjwa walikuwa wamefariki au wakihitaji msaada wa mtu mwingine. Hali haikutofautiana kati ya waliofundishiwa ndugu na wasiofundishiwa. Mafunzo yana umuhimu wake, lakini hayawezi kubebeshwa mabega ya mtu mmoja.

Hapo ndipo jamii inapohitajika, na kwa muda mrefu. Mitaa mingi tayari ina vikundi vya upatu, VICOBA, jumuiya za makanisa na kamati za misikiti, ambavyo huchangisha haraka panapotokea msiba. Utaratibu huo huo unaweza kutumika kwa aliye hai: ratiba ya watu watatu au wanne wa kupokezana, ili anayeuguza apate nusu siku ya kwenda sokoni, kanisani, msikitini au kulala tu. Mchango mdogo wa kila mwezi unaweza kugharamia nauli ya kliniki na dawa.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii naye anaweza kupima shinikizo la damu, kukagua vidonda na kumwelekeza mgonjwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia kabla viungo havijakakamaa.

Kwa jirani asiye na fedha, mchango unaweza kuwa kurejea mwezi wa sita, wakati wageni wengine wameshaacha kuja, na kumuuliza anayeuguza kama amelala usiku.