Chuo Kikuu na Vitengo Vyake (3): TUKI Imekwisha, Kazi Ingalipo

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliona programu ya masomo inavyozaliwa. Idara huandaa andiko pamoja na utafiti wa mahitaji ya soko. Andiko hujadiliwa kwenye ndaki, hupanda hadi Seneti, na mwisho Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) hutoa ithibati. Njia hiyo ni ndefu, lakini imekanyagwa na kila mhadhiri anaijua. Leo tuitazame njia iliyoota nyasi: ya kufunga.

Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya mitaala katika chuo kimoja. Siku moja tulikuwa tukipitia orodha ya programu zinazotangazwa kwa waombaji, mjumbe mmoja akauliza shahada fulani ya uzamili ina wanafunzi wangapi. Mratibu wake akakohoa kidogo, akajibu: hakuna, huu mwaka wa nne. Mbona haijafungwa? Hakuna aliyeleta hoja, akasema. Mwenyekiti akageuza ukurasa, tukaendelea na ajenda inayofuata.

Hilo ndilo tatizo lenyewe. Programu mpya ina mwenyewe anayeihangaikia usiku na mchana, ila programu iliyochoka haina wa kuibebea jeneza. Aliyeiandika huenda ndiye mkuu wa idara leo, au ndiye aliyekufundisha. Nani ataanza?

Wakati mwingine hatua hutoka nje. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa sababu za ubora. Tuzingatie hapo: kuzuia udahili si sawa na kufunga. Ukizuia, mlango wa kuingilia ndio unaofungwa, na waliomo ndani wanaendelea kusoma. Hata chuo kinapoamua chenyewe, huo ndio utaratibu wa kiungwana: udahili husimama kwanza, waliokwisha kuanza humaliza, walimu hupangiwa idara nyingine, ndipo jina linafutwa. Mwanafunzi aliyelipa ada ya mwaka wa kwanza ameahidiwa mwaka wa mwisho.

Kituo cha utafiti kina ugumu wa aina nyingine. Huwezi kukipima kwa kuhesabu vichwa darasani. Kina maktaba, kanda, mafaili, jarida, na pengine mfadhili. Mfadhili akiondoka, mara nyingi hubaki kibao mlangoni na kabati ambalo funguo zake hazijulikani ziko kwa nani. Kwa hiyo swali la kwanza wakati wa kufunga kituo liwe hili: mirathi yake anachukua nani?

Mfano mzuri tunao Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1930 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliunda Kamati ya Lugha ili kusanifisha Kiswahili. Kamati hiyo ilihamahama, ikafika hata Makerere, na mwaka 1964 ikaingizwa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam. Hatimaye tukaizoea kwa jina la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI. Mwaka 1970 chuo hichohicho kikaanzisha Idara ya Kiswahili. Basi kwa takribani miaka 40 Kiswahili kikawa na milango miwili Mlimani: huku watafiti, kule walimu. Mwaka 2009 milango hiyo ikaunganishwa ikawa mmoja, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI.

TUKI ikafutika kwenye muundo wa chuo, lakini vitu vyake vikapata mwenyewe. Jarida la Kiswahili, ambalo chimbuko lake ni taarifa za ile Kamati ya 1930, linaendelea kutoka. Jarida jingine, Mulika, nalo lipo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka 1981 ikiwa na jina la TUKI imeendelea kuhuishwa. Ndivyo ulivyo mgomba: ukishazaa hukatwa, na mwenye shamba huangalia machipukizi.

Njia nyingine ni kitengo kuondoka nyumbani. Kitivo cha kilimo cha Morogoro kilijitenga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Muhimbili, iliyokuwa chuo chake kishiriki cha afya, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Cha ajabu, miaka ilipopita Mlimani ikaanzisha upya ndaki ya kilimo, na ya afya kule Mbeya. Wapo wanaoona ni kurudia kazi, wapo wanaosema nchi imekua na mahitaji yameongezeka. Mimi nasema kila upande ulete hesabu zake, kwa sababu kitengo kilichoondoka hakifuti haja iliyokizaa.

Ningependekeza jambo moja dogo. Kila andiko la programu au kituo kipya liwe na ukurasa wa mwisho wenye majibu matatu: dalili zipi zitatuambia muda wake umekwisha, nani atawajibika kuleta hoja hiyo, na vitabu na mafaili vitakwenda wapi. Wasia huandikwa mtu akiwa mzima. Ukurasa huo ungekuwapo kwenye ile kamati yetu, mwenyekiti asingegeuza ukurasa upesi vile.

Wiki ijayo: fedha za wafadhili na vituo vya utafiti.