Gameli ya mchimbaji: chombo kidogo, faida mingi

Mchimbaji akitoka asubuhi kwenda kwenye shimo, watu wanatazama nyundo yake, beleshi lake na tochi ya kichwani. Kile kinachoning'inia mkononi, kimefungwa na kipande cha kitenge, hakuna anayekiuliza. Lakini ndani ya kitambaa kile njo kuna sehemu ya kwanza ya faida yake: chakula ambacho hatakikopa.

Huku kwetu Kiringye, kwenye barabara ya Kamanyola kwenda Uvira, tunalima mpunga, muhogo na mahindi katika uwanda wa Ruzizi, na vijana wetu wanapanda milima kutafuta dhahabu. Wengine wanaenda mbali zaidi, mpaka Misisi katika Fizi ao Kamituga katika Mwenga. Njo maana katika nyumba nyingi kuna kona ya gameli: ya bati yenye maua, ya alumini iliyobonyea, ya inoksi, ya plastiki, hata kopo la maziwa ya unga lililopewa mkono wa waya. Wamama wanazikusanya moja moja, miaka na miaka. Leo tunazungumza juu ya mkusanyo huo, kwa sababu ni akiba ya nyumba, na kwa sababu si kila chombo kinachofunga vizuri kinafaa kuwekewa chakula.

Kutoka posho ya kampuni mpaka deni la shimo

Zamani chakula cha mchimbaji kilikuwa hesabu ya kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa inawapa wafanyakazi wake posho kila juma. Neno hilo limeacha alama kubwa katika inchi yetu: kwa Lingala, poso imekuwa jina la juma lenyewe. Watu walihesabu siku zao kwa chakula. Huku Kivu pia kampuni kubwa zilitawala dhahabu ya Kamituga, kwanza MGL, kisha SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976.

Mwaka 1982 sheria ilifungua uchimbaji wa mikono wa dhahabu na almasi kwa raia. Tangu hapo watu wengi wamepata mkate kwenye mashimo, lakini mzigo wa chakula ulihama: ulitoka kwenye ofisi ya kampuni, ukaja jikoni kwa mama. Na pale jikoni pasipotoa kitu, mchimbaji anakula kwa deni. Mkubwa wa shimo, yule wanayemwita PDG, analisha watu wake, anaandika katika kitabu, na dhahabu ikitoka anaondoa kwanza matumizi kabla ya kugawa. Mama muuza chakula naye ana daftari lake.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Sahani moja ikiwa franga 3 000, na mtu anafanya kazi siku 24 katika mwezi, ni franga 72 000. Weka bei ya kwenu, utapata jibu lako. Ndani ya hesabu hiyo ondoa unga, mafuta na makaa vya nyumbani. Kinachobaki njo faida ya gameli. Si utajiri, lakini ni franga zinazolala nyumbani, si katika daftari la mtu mwingine.

Wachimbaji wa kwingine wanabeba nini?

Hatuko peke yetu. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa na kopo la bati lenye umbo la kipande cha mkate, upande mmoja wa mviringo. Lilivaliwa kwenye mkaba, likafunga vizuri ili panya na vumbi visiingie. Huko Marekani walibeba ndoo ya alumini ya ghorofa: chini maji ya kunywa, katikati chakula, juu kitu kitamu. Maji yalikaa chini kwa maana yake: shimo likimfungia mtu, maji njo yatamshikilia mpaka wenzake wamfikie.

Wajapani wanaita sanduku lao bento, na kuna watu wengi duniani wanaozikusanya sawa vile wengine wanakusanya vitenge. Ndani mnapangwa wali, samaki na mboga, vimebanana vizuri visihame njiani. Chakula cha watu wa kazi kilikuwa mara nyingi wali mweupe na tunda moja kali, lililokaushwa kwa chumvi, limewekwa katikati. Lakini gameli za alumini zilipoenea, ukali wa tunda lile ulianza kula kifuniko mpaka kikatoboka. Somo hilo linatufaa sisi pia.

Kila gameli na kazi yake

Alumini ni nyepesi, haivunjiki, na fundi anaweza kuinyoosha ikibonyea. Lakini inachukia vitu vikali. Sosi ya nyanya nyingi, limau, ndimu: usivilaze ndani yake usiku kucha. Bugali, ndagala wa kukaanga na muhogo wa kuchemsha havina matata.

Bati yenye maua, ile ya rangi nyeupe ya kung'aa, haiogopi limau. Ugonjwa wake ni kuanguka. Rangi ikibanduka ndani, kutu inaingia na vipande vinaweza kukufuata mdomoni. Ikifika pale, ipumzishe. Iwe ya kuwekea misumari.

Inoksi ina bei, lakini mama akiinunua mara moja mtoto wake atairithi. Haili kutu kwa upesi, haishiki harufu, inasuguliwa kwa majivu. Kama mukiweza kununua moja tu kwa mwaka, iwe hiyo.

Plastiki nzito yenye kifuniko ni nzuri kwa chakula kilichopoa. Mukiweka bugali wa moto katika sasheti nyepesi, munakula na plastiki. Tena Serikali ilipiga marufuku sasheti za plastiki kwa dekreti ya mwisho wa mwaka 2017, hata kama sokoni bado tunaziona. Kuliko sasheti, afadhali jani la mugomba lililopitishwa juu ya moto likalainika. Hilo njo gameli ya mababu zetu, na haliombi kurudishwa nyumbani.

Zebaki na chakula havikai pamoja

Hapa tunaomba wababa na vijana wasome pole pole. Dhahabu nyingi ya mikono inakamatwa na zebaki, ile dawa nyeupe inayotembea sawa vile maji. Ikichomwa ili dhahabu ibaki, inapanda hewani, haina harufu, mtu anaivuta bila kujua. Inaharibu mishipa ya fahamu na figo, na inamuumiza zaidi mtoto, hata yule aliye bado tumboni mwa mama.

Kwa hiyo sufuria, kijiko ao sahani iliyotumiwa kwa zebaki imekufa kwa jikoni. Hata ukiisugua kwa mchanga na sabuni, usiirudishe. Usichome dhahabu nyumbani, na usiichome karibu na watu wanaokula. Gameli iliyo wazi karibu na pale wanapochoma inapokea kile kinachoanguka kutoka hewani. Bidon iliyobeba dawa za kuchenjulia dhahabu isibebe maji ya kunywa.

Na kuna jambo wengi hawalijui: zebaki inakula alumini. Tone dogo likigusa mahali palipokwaruzwa, alumini inaanza kuoza na kutoa kitu cheupe sawa na pamba. Ukiona hivyo kwenye gameli yako, iache kabisa. Imekuambia kwamba sumu imefika kwenye chakula chako.

Inchi ileile ya bento imelipa bei ya zebaki. Mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu ulitangazwa katika mji wa Minamata, Japani. Kiwanda kilikuwa kinamwaga zebaki baharini, samaki wakaibeba, watu wakala samaki. Watoto walizaliwa wakiwa wameumia. Mkataba wa mataifa juu ya zebaki, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017, umepewa jina la mji ule. Sisi tunaokula ndagala na mukeke wa Tanganyika tunaweza kuelewa vizuri kwa nini.

Kupanga chakula kisiharibike

Shida ya pili ni joto. Uwanda wetu ni wa moto, na chakula kilichofungwa nusu moto kinaharibika mbele ya saa sita. Kanuni ni mbili, chagua moja. Ao ufunge chakula kikiwa cha moto sana ndani ya termosi, kikae moto mpaka kiliwe. Ao ukipoze vizuri kabla ya kufunga, juu ya mvuke ukibaki chini ya kifuniko unakuwa maji, na maji yanaleta uchachu. Hiyo ya katikati, vuguvugu, njo mbaya.

Wali tuuangalie zaidi ya vyote. Una vijidudu vinavyovumilia kupikwa, na vikikaa katika vuguvugu vinaamka na kutoa sumu ya kutapisha. Wali wa jana usiku usiubebe shimoni. Maharage pia hayapendi kungoja. Vitu vikavu vinavumilia: ndagala wa kukaanga, samaki wa kuchoma, karanga, muhogo, ndizi ya kuchemsha. Sombe iwe nzito, isiwe na maji mengi, na ikae mbali na bugali.

Halafu mikono. Uvira na vijiji vyake vinajua kolera, hatuna haja ya kuhadithiana. Mikono iliyoshika mawe, matope na zebaki isiguse bugali kabla ya sabuni. Kama maji ni machache, kijiko kinasaidia.

Kuanza mkusanyo pole pole

Hakuna anayenunua vyote siku moja. Mwezi huu nunua gameli moja inayofunga vizuri; jaribu sokoni kwa kuweka maji, funga, igeuze juu chini mbele ya muuzaji. Mwezi unaofuata tafuta bakuli dogo linaloingia ndani yake, la mboga. Kisha kijiko kimoja chenye alama ya mwenyewe, kipande cha sabuni ndani ya kopo lake, kitambaa cha kufungia, mpira wa baiskeli uliokatwa wa kubana kifuniko, na bidon ndogo ya maji yaliyochemshwa ao kutiwa dawa. Chumvi ifungwe katika karatasi. Gameli ipewe alama ya msumari chini, juu ya shimoni zinafanana zote na ugomvi unaanza hapo.

Ikirudi jioni, mama aifungue mwenyewe kabla ya kuipa watoto waoshe. Chakula kilichorudi kikiwa kizima siku mbili, siku tatu, kinasema neno ambalo bwana mwenyewe pengine hataki kulisema: homa imeanza, ao kichwa kinauma, ao mikono inatetemeka. Hapo musingoje malipo ya dhahabu. Mumpeleke kituo cha afya, na mumwambie muganga kama anafanya kazi na zebaki, hata kama hajauliza.