Radhi Iliyochelewa Chini ya Maua ya Plamu

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Asiyeusadiki usemi huo na azuru mji wa Dazaifu, katika kisiwa cha Kyushu nchini Japani, mwezi wa Februari, wakati baridi inapoanza kulegea na miti ya plamu inapochanua hata kabla ya kuota majani.

Huko lipo hekalu kongwe la dini ya Kishinto liitwalo Dazaifu Tenmangu. Limezungukwa na miti ya plamu ipatayo 6,000, mingine ya maua meupe, mingine ya rangi ya waridi. Mgeni huvuka kidimbwi kwa madaraja matatu, yaani wakati uliopita, uliopo na ujao. Yupo pia fahali wa shaba, ambaye watu humpapasa kichwa wakitumaini kujaliwa akili. Wengi wao ni wanafunzi, kwani msimu wa maua ndio msimu wa mitihani ya kuingia vyuo vikuu. Huandika dua zao juu ya vibao, wakavitundika, wakaenda zao.

Je, aombwaye ni nani? Ni mwanadamu kama sisi. Sugawara no Michizane alizaliwa mwaka 845, akawa msomi na mshairi. Hakutoka katika ukoo wenye nguvu, bali kalamu yake ndiyo iliyompandisha hadi akawa miongoni mwa mawaziri wakuu wa dola mwaka 899. Ukoo wa Fujiwara, uliozoea kuitawala ikulu, haukulivumilia jambo hilo. Mwaka 901 alisingiziwa kula njama dhidi ya mfalme, akahamishwa kutoka Kyoto na kupelekwa Dazaifu. Huko alifia ugenini mwaka 903. Hekaya yasimulia kwamba mti wa plamu aliouaga uani kwake uliruka usiku mmoja ukamfuata. Mti unaohusishwa na hekaya hiyo ungali mbele ya hekalu hadi leo.

Baada ya hapo ikulu haikupata usingizi. Mwaka 909 Fujiwara no Tokihira, hasimu wake mkuu, alifariki kabla ya kutimiza miaka arobaini. Mwaka 923 mrithi wa kiti cha enzi akafa, na ndipo marehemu aliporudishiwa cheo chake. Mwaka 930 radi ikalipiga jumba la mfalme, ikaua maafisa. Watu wakaamini kuwa roho ya aliyedhulumiwa inadai haki. Mwaka 993, miaka tisini baada ya kuzikwa, alitunukiwa cheo cha juu kabisa.

Hapo ndipo penye funzo, ndugu msomaji. Hekalu hilo, pamoja na uzuri wake wote, ni radhi iliyoombwa kwa kuchelewa. Walioshindwa kumsikiliza msomi alipokuwa hai walilazimika kuinama mbele ya kaburi lake. Tena hawakuinama kwa mapenzi, bali kwa hofu. Cheo hakikumfaa kitu, wala maua hayo hakuyanusa.

Vijana wanaotundika vibao vyao huomba kufaulu kama Michizane. Ni dua njema. Lakini walio madarakani, kokote waliko, nao wangefanya vyema kusimama chini ya miti hiyo wajiulize: ni nani tunayemfukuza leo, ambaye kesho wajukuu wetu watamjengea hekalu?