Kwacha Moja, Kitumbua Kimoja: Hesabu za Wakaangaji wa Ziwa Mweru

Katika soko la Kashikishi, lililopakana na mji wa Nchelenge upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, kitumbua ni cha ngano. Mgeni kutoka Unguja atakayeulizia mchele na tui la nazi ataambulia donge la duara, kahawia kwa nje, jeupe na lenye matundu kwa ndani, kama kalimati kubwa isiyo na shira. Wakongomani wanaovuka ziwa wana lao kama hilo, wanaliita mikate. Vitu vinavyolitengeneza vyote vipo dukani: unga, sukari, hamira, chumvi, mafuta. Yai halimo, maziwa hayamo. Asiyekuwa na hamira hutumia baking poda, na aliyepata ndizi zilizoiva kupita kiasi huziponda humohumo akapunguza sukari.

Mtaji wa kukikaanga ni mdogo. Beseni, sufuria, kijiko cha matundu, mbaula ya mkaa na ndoo yenye kifuniko, kazi imeanza. Rojo hukandwa usiku, zito kuliko la chapati za maji na jepesi kuliko la maandazi, likafunikwa liumuke. Alfajiri mkaangaji huchovya mkono ndani ya maji, huchota rojo kwa kiganja cha kushoto, hubana ngumi, na donge huchomoza kati ya kidole gumba na cha shahada. Kidole cha mkono wa kulia hulikata likadondokea kwenye mafuta. Likiwa na hewa ya kutosha hujigeuza lenyewe upande wa chini ukishaiva. Mwenye mkono uliozoea hujaza sufuria kabla donge la kwanza halijabadilika rangi, na vyote hutoka na ukubwa mmoja.

Ukubwa huo ndio biashara yenyewe. Kilo moja ya unga ikichanganywa na gramu 150 za sukari na maji yapata mililita 700 hutoa rojo la karibu kilo 1.85. Ukikata madonge ya gramu 40 unapata 46. Ukikata ya gramu 30 unapata 61. Kitumbua kikiuzwa kwacha moja, tofauti ni kwacha 15 kwa kila kilo ya unga, na mnunuzi mwenye njaa ya asubuhi hana mizani. Ila ana macho, na jirani wa pili naye anakaanga. Kuna gharama nyingine ambayo wengi huigundua chupa ya mafuta inapoisha mapema: madonge madogo yana ngozi kubwa zaidi kwa kila gramu, karibu asilimia 10 zaidi katika mfano huu, na mafuta huingilia kwenye ngozi. Mkaa ukiwa haba na mafuta yakashuka chini sana ya nyuzi 180, donge hunywa mafuta kabla halijafunga. Anayebana mkaa hulipia kwenye mafuta.

Kwa nini asipandishe bei tu? Kwa sababu bei imefungwa kwenye sarafu. Zambia ilipofuta sifuri tatu kwenye fedha yake Januari 2013, dola moja ilinunuliwa kwa kwacha 5 na ushei. Mwaka 2024 ilipita 25. Katikati ya anguko hilo muuzaji wa kitumbua hakuwa na ngazi ndogondogo za kupanda. Chenji ya ngwee 50 ni ya kuhangaikia, na kutoka kwacha moja hadi mbili ni kupandisha bei mara mbili kwa mkupuo. Basi donge ndilo lililobeba mzigo. Noti na sarafu mpya zilizotolewa Machi 2025 zimeleta sarafu za kwacha 2 na kwacha 5, na si ajabu zikafanya kile ambacho mfumuko wa bei peke yake haukuthubutu: kuzoesha watu kitumbua kikubwa cha kwacha mbili.

Malighafi nayo inatoka mbali. Ngano ya Zambia hulimwa zaidi na wakulima wakubwa wa maeneo kama Mkushi, kwa umwagiliaji, ikipandwa Mei na kuvunwa kuanzia Septemba. Sukari nyingi inatoka Nakambala, Mazabuka, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na tangu 1998 sukari ya matumizi ya nyumbani huongezwa vitamini A kwa mujibu wa sheria. Hivyo kitumbua ambacho wataalamu wa lishe wangekinunia kinabeba angalau vitamini hiyo. Kutoka mikoa ya migodi ya shaba, njia fupi hukatisha kipande cha ardhi ya Kongo cha takriban kilomita 70, huvuka mto Luapula kwenye daraja la Mwanawasa lililofunguliwa 2008, hupita Mansa na kufuata bonde hadi ziwani. Magari yanayokuja kufuata samaki hayapendi kuja matupu. Unga, sukari na mafuta hupanda nayo, samaki hushuka nayo. Samaki wakiadimika, usafiri wa unga nao unakuwa ghali.

Mshtuko wa dunia pia unafika Kashikishi. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei za vyakula duniani zilifikia kilele kilichokuwa hakijawahi kurekodiwa na FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, mafuta ya kula yakiongoza. Miaka miwili baadaye ukaja ukame. Rais Hakainde Hichilema alitangaza janga la kitaifa Februari 29, 2024. Ngano ya umwagiliaji haikuungua kama mahindi, lakini pampu zinataka umeme, na bwawa la Kariba lilikuwa limepungukiwa maji kiasi cha nchi kukaa gizani saa nyingi kila siku. Watu wa mijini waliokuwa wakipikia umeme walirudi kwenye mkaa, na wakaangaji wakajikuta wanagombea gunia moja na watu wenye mishahara.

Wateja wakubwa ni wawili: mvuvi na mwanafunzi. Chisense, dagaa wa Mweru, huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi ikirudi asubuhi, watu wamelowa na wana njaa, na kitumbua cha moto chenye chai ndicho chakula kisichosubiri. Usiku wa mbalamwezi taa hazifui dafu mbele ya mwezi, samaki hawakusanyiki, na mauzo ya mwaloni hupungua. Wanafunzi waliongezeka tangu 2022, serikali ilipofuta ada hadi sekondari. Madarasa yakafurika, na mapumziko ya saa nne yakawa soko la kutegemewa.

Desemba huwaondoa wote wawili kwa pamoja. Kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari uvuvi hupigwa marufuku ili samaki wazaliane, na shule nazo hufungwa hadi katikati ya Januari. Ni miezi hiyohiyo ya mvua ambapo kuni zimelowa na fedha imekauka. Mkaangaji anayefuata unga kwa kilo, na mafuta kwa kichupa kilichojazwa kutoka kwenye dumu la mwenye duka, ndiye anayeumia kwanza. Tatizo lake si uhaba wa walaji. Ni kwamba ananunua rejareja kitu anachokiuza rejareja. Mwenye kufungua mfuko wa kilo 25 na dumu la lita 20 anapata faida ambayo kwa mwenzake inabaki dukani.

Kuufikia mfuko mzima kuna njia mbili za kienyeji. Moja ni chilimba, upatu wa Wazambia: wanawake kadhaa huchanga kila wiki na mmoja huondoka na fungu lote kwa zamu. Nyingine ni kaloba, mkopo wa mtaani wenye riba ya kukata pumzi. Chilimba imewavusha wengi, lakini nayo hulegea marufuku inapoanza, kwa kuwa wachangaji wote wanategemea ziwa lilelile.

Mwanahistoria David M. Gordon, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu uchumi wa bonde la Luapula, alionyesha jinsi uvuvi wa chisense ulivyokua baada ya samaki wakubwa kupungua, na jinsi wanawake walivyoingia humo kama wenye mali. Fedha ya ziwa, kwa hiyo, si ya wanaume peke yao. Mwanamke wa Kashikishi anayekaanga asubuhi na kununua dagaa mchana anatumia biashara moja kuikopesha nyingine.

Soko lenyewe limepanuka. Makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge 2018 kwa wakimbizi waliotoka mikoa ya Kongo ya Haut-Katanga na Tanganyika, yameleta watu wanaoongea Kiswahili na Kibemba kwa pamoja, na wanaojua mikate tangu utotoni.

Kuna malighafi moja ambayo haihitaji lori kutoka mbali, nayo ni muhogo, chakula kikuu cha mkoa huu wa Luapula. Nigeria ilijaribu katikati ya miaka ya 2000 kuwataka wenye vinu wachanganye asilimia 10 ya unga wa muhogo kwenye ngano, na viwanda vilisitasita. Kitumbua kinavumilia zaidi kuliko mkate wa boflo, kwa kuwa hakihitaji kupanda juu ndani ya kopo. Shida iko kwenye unga wenyewe: muhogo mchungu lazima uroweshwe kuondoa sumu, na ule uliochachuka sana huacha harufu inayovuka sukari. Unga uliokaushwa haraka na kusagwa laini ungefaa.

Mtaji wa kikundi nao unaweza kutoka serikalini, ambayo iliongeza mfuko wa maendeleo wa kila jimbo kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 mwaka 2022, ukiwa na fungu la kuwawezesha wanawake na vijana, linalotoa ruzuku kwa vikundi na pia mikopo. Kikundi cha wakaangaji kumi kinaweza kununua unga kwa tani au kuweka kinu cha muhogo. Kitakachoamua kama mkopo wa aina hiyo utalipika ni tarehe za marejesho: mkopo unaodai kila mwezi sawasawa utamkuta mkaangaji mwanzoni mwa Januari akiwa hana mvuvi wala mwanafunzi, ilhali unaoanza kudai Machi, mitumbwi ikishaingia majini, utamkuta na sufuria jikoni.