Toroli: asili na maana yake

Toroli ni nomino iliyotoholewa kutoka neno la Kiingereza "trolley". Katika Kiingereza, neno hilo lilianza kuonekana katika maandishi mwanzoni mwa karne ya 19, likitaja gari dogo la mizigo. Kwa kawaida huhusishwa na kitenzi "troll", ambacho zamani kilimaanisha kubingirika. Baadaye maana ziligawanyika: Uingereza, ni kigari cha kubebea bidhaa dukani, Marekani, ni tramu ya umeme.

Kiswahili kililipokea neno kwa kutenganisha konsonanti mbili za mwanzo kwa irabu: tr- ikawa toro-. Utaratibu huohuo unaonekana katika buluu na kilabu. Hata hivyo si lazima, kwani treni imebaki na tr- yake.

Maana nayo ilihama. Kwa fundi ujenzi wa Mbagala, Temeke, au wa Tegeta, Kinondoni, toroli ni chombo chenye gurudumu moja mbele na mishikio miwili nyuma, kinachobeba mchanga, kokoto au zege. Nchini Kenya chombo hicho huitwa wilbaro. Gari kubwa zaidi la kuvutwa au kusukumwa na mtu, linaloonekana katika masoko kama Tandika na Tandale, ni mkokoteni, neno lenye mzizi wa kitenzi kokota. Lenye magurudumu matatu, linaloendeshwa kwa pedali au injini, ni guta.

Tofauti hii si ya msamiati tu, kwa kuwa toroli ni kipimo pia. Chukua maelekezo haya: "Changanya mfuko mmoja wa saruji na toroli mbili za mchanga." Mfasiri akiandika "trolley", msomaji wa Uingereza atawaza kigari cha dukani. Neno sahihi hapo ni "wheelbarrow". Na anayefasiri kuja Kiswahili akiweka mkokoteni badala ya toroli, mchanga utazidi mara kadhaa na ukuta utakuwa dhaifu.

Kwa upande wa upatanisho, chombo chenyewe husemwa toroli hili, matoroli haya. Kinapokuwa kipimo, wasemaji wengi husema toroli mbili, toroli tatu. "Trolley" ya dukani au ya uwanja wa ndege ifasiriwe kigari cha mizigo. Ya kulaza wagonjwa hospitalini, kitanda cha magurudumu.